Mshale wa Kaskazini

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na mbili Februari, mwaka 2025, na mama alikuwa amesimama jikoni akipiga pasi kitambaa chake cha kichwa kwa utulivu wa mtu anayejiandaa kwenda msibani. Binti yake alikuwa akinywa chai kwa haraka karibu na mlango, mkoba begani, jicho moja kwenye saa ya ukutani. Alikuwa msanifu majengo, kijana bado, na ofisini walimwita Penseli kwa sababu ya wembamba wake na kwa sababu hakuwahi kuonekana bila penseli nyuma ya sikio.

"Leo nakwenda kumuaga mwalimu," mama alisema.

Penseli alidhani mwalimu wa kisomo amepata uhamisho, akauliza anahamia wapi.

"Hahami yeye. Ninayehama ni mimi. Kisomo kimenishinda, mwanangu."

Mama alikuwa dobi wa hospitali. Tangu ujana wake alifua na kunyoosha mashuka ya wagonjwa, na kwa kazi hiyo alimsomesha binti yake hadi akavaa joho, ilhali yeye mwenyewe alitia dole gumba kila palipotakiwa saini. Ukumbi mpya ulipofunguliwa mtaani, na ikatangazwa kwamba jioni utatumika kwa kisomo cha watu wazima, mama alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Ukumbi huo ulichorwa na binti yake. Ilikuwa kazi ya kwanza Penseli kuachiwa peke yake tangu mstari wa mwanzo hadi wa mwisho, na mama aliitangaza kazi hiyo kuanzia chumba cha kufulia hadi chumba cha maiti. Aliwaambia watu kwamba mwanawe ni injinia. Penseli alimweleza mara nyingi kwamba msanifu na injinia ni watu wawili tofauti. Mama alimjibu kwamba tofauti hiyo yeye haioni, maana wote wanavaa kofia ngumu.

Darasa lilianza wakati wa mvua, na mama alipokea herufi kama ardhi iliyokuwa na kiu. Jioni moja alimvuta binti yake kwa mkono mpaka kwenye bango la ujenzi lililokuwa bado limesimama mbele ya ukumbi, akaweka kidole juu yake na kusoma, silabi moja baada ya nyingine, jina la msanifu. Lilikuwa jina alilompa yeye mwenyewe, na hakuwahi kuliona.

Sasa mvua zilikuwa zimekwisha, na mama alisema herufi zimemkimbia.

"Natazama ubao naona weupe mtupu," alieleza, akikunja kitambaa. "Mwalimu anasema someni, wenzangu wanasoma, mimi nafungua mdomo tu kama samaki. Daktari wa macho pale kazini kanipima. Kasema kwa macho haya naweza kumwona sisimizi akipiga mswaki. Sasa kama si macho, ni nini? Ni kichwa. Kimeshiba, hakiingizi tena."

Penseli aliitazama saa. Alimwambia mama asikate tamaa, kwamba kila mwanafunzi hupita kipindi kigumu, kwamba wangezungumza vizuri jioni. Yalikuwa maneno mazuri, lakini aliyatamka akiwa ameshika kitasa cha mlango. Mama alisema sawa, mwanangu, usichelewe kazini.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi na misumari mipya iliwapandia ngazini siku nzima. Kulikuwa na meza nne, feni moja iliyozunguka kwa kulalamika, na ukuta mzima uliofunikwa kwa michoro. Mkuu wa ofisi, ambaye wote walimwita Mkuu hivyo hivyo, alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya chini na desturi moja isiyobadilika. Kabla hajautazama mlango, ngazi wala choo, angeubandika mchoro ukutani, angerudi nyuma hatua kadhaa na kuuliza: "Jua liko wapi?" Aliyeshindwa kujibu alirudishwa mezani bila neno la ziada.

Asubuhi hiyo Mkuu alikuja hadi kwenye meza ya Penseli, jambo alilolifanya kwa nadra, akaegemeza viganja vyake juu yake. Wenye ukumbi wameupenda, alisema. Wanataka mwingine kama ule ule kwenye kiwanja chao cha upande wa pili wa mji. Mpima ardhi ameshaleta ramani ya kiwanja. Penseli auchukue mchoro wa ukumbi wa kwanza, auweke kwenye kiwanja kipya, na kabla ya jioni uwe tayari kuchapwa.

"Wakaniuliza kachora nani," Mkuu aliongeza. "Nikawaambia ni binti yangu wa pale dirishani."

Penseli alishukuru kwa kuinamisha kichwa, na Mkuu alipoondoka aliona haya kwa jinsi alivyokuwa akitabasamu peke yake mbele ya kompyuta.

Aliifungua michoro ya ukumbi wa kwanza. Aliupenda ukumbi ule kwa sababu ya wazo moja. Nyuma ya wanafunzi aliweka dirisha pana, karibu ukuta mzima, likitazama kaskazini, mahali ambapo mwanga huwa tulivu na jua halipigi kwa ukali. Mbele yao akaweka ubao. Mwanga ungeingia kwa upole juu ya mabega ya wasomaji na kuwafikishia maandishi. Alipokuwa akilichora dirisha hilo alimwona mama akilini, amekaa, amenyoosha shingo.

Ili apate kipimo cha kulinganishia, aliifungua pia ramani ya mpima ardhi ya kiwanja cha kwanza. Aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu kwenye kioo cha kompyuta, ramani ya mpima na mchoro wake. Kiwanja kile kilikuwa kirefu na chembamba, na mpima, ili kienee kwenye karatasi, alikuwa amekilaza. Mshale wake wa kaskazini ulielekea mkono wa kulia wa karatasi.

Kwenye mchoro wa Penseli, mshale ulielekea juu.

Aliangalia tena. Akakumbuka bila shida, kama mtu anayekumbuka alipoacha ufunguo. Kila ofisi ya wasanifu ina karatasi yake ya kuanzia, yenye fremu, sehemu ya saini na mshale wa kaskazini ambao umeshachorwa tayari, na kazi ya kwanza ya mchoraji ni kuugeuza mshale huo ufuate kiwanja. Yeye aliichukua karatasi hiyo kutoka kazi iliyotangulia, akakibandika kiwanja ndani yake, akaanza kuchora kwa furaha. Mshale hakuugeuza. Tangu hapo, kila alipotaka kujua kaskazini ni wapi, aliuuliza mshale, na mshale ukamjibu kwa uongo aliouandika mwenyewe.

Basi dirisha pana halikuwa linatazama kaskazini. Lilikuwa linatazama magharibi.

Ukumbi ulikabidhiwa asubuhi, watu wakapiga picha, hakuna aliyeona kitu. Asubuhi ukumbi hutumiwa na watoto wa chekechea, na wakati huo jua liko mgongoni mwa jengo. Kisomo kilianza wakati wa mvua, mbingu zikiwa zimefunikwa kama chungu. Kisha mvua zikakoma. Kuanzia hapo, kila siku saa kumi jioni, jua liliingia kwa dirisha lile pana, likapita juu ya mabega ya watu wazima waliotoka makazini mwao, na kuupiga ubao usoni.

*Natazama ubao naona weupe mtupu.*

Alisimama. Alijua la kufanya: kutembea hatua chache hadi chumba cha Mkuu na kusema. Alifika mlangoni. Mkuu alikuwa kwenye simu, amempa mgongo, akimweleza mtu wa upande wa pili kwamba huyu binti ana jicho, kwamba wasanifu wengi huchukua miaka kujifunza mwanga, yeye kaja na jicho hilo kutoka tumboni. Penseli alisubiri kidogo, kisha akajifanya alikuwa akielekea kwenye mtungi wa maji. Akanywa maji asiyoyataka.

Meza iliyofuata alikaa mchoraji mkongwe wa ofisi, mwanamume mwenye kitambi na ucheshi, aliyeitwa Kifutio tangu zama za kuchora kwa mkono. Aliuona uso wa Penseli, akavuta kiti chake chenye magurudumu hadi kwake, akatazama karatasi mbili kwenye kioo. Hakuhitaji kuelezwa. Alipiga mluzi mfupi, wa chini.

"Pole, mdogo wangu," alisema. "Umeolewa na magharibi ukidhani ni kaskazini."

Penseli alimwuliza kwa kunong'ona afanye nini.

"Pazia," Kifutio alisema. "Zito, la rangi ya kiza. Peleka kama zawadi kwa darasa la mama yako. Jengo halina mdomo, jua halina mdomo, na mimi nimesahau tayari. Unadhani jina hili nililipata kwa kufuta penseli tu?"

Alirudi mezani kwake akiimba puani. Na Penseli, kwa muda mrefu kidogo kuliko alivyopenda kukiri, aliliwaza pazia. Aliliona limeshaning'inia. Aliwaona wanakisomo wakimpigia makofi, mwalimu akitoa neno la shukrani, mama akiinua kidevu kwa fahari kwa sababu ya binti anayewakumbuka wazee. Hapo ndipo roho ilipomsuta. Angeshukuriwa kwa kuziba tundu alilolitoboa yeye. Tena pazia lingeuponya ubao, lakini mama angebaki akijua kwamba kuna majuma ambayo kichwa chake kilimkatalia, na angelibeba hilo hadi mwisho wa maisha yake kama kovu lisilo na jeraha.

Hata hivyo hakuinuka kwenda kwa Mkuu. Saa ya kwenda kwenye ujenzi ilikuwa imefika, na kwa mara ya kwanza alifurahi kuwa na pa kukimbilia.

Nyumba waliyokuwa wakiisimamia ilikuwa imefika kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaokaa juu ya milango na madirisha. Penseli alivaa kofia ngumu, akapita kati ya mbao na marundo ya mchanga, akapima. Dirisha moja la chumbani lilikuwa limepanda juu kuliko wenzake, jambo lililoonekana hata kwa macho matupu. Alimwita fundi aliyelijenga, mwanamume mwenye maneno mengi, na fundi akaanza safari ya visingizio. Alianza na kamba, kwamba ililegea. Akaja kwenye tofali, kwamba zilikuja nene. Akamalizia kwa fundi mwenzake, ambaye kwa bahati njema siku hiyo hakuwepo.

Penseli alimsikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo sauti yake mwenyewe ilivyozidi kuwa kali. Alimwambia kwamba kukosea hakumwondolei mtu ufundi wake, kinachomwondolea ni kuficha. Kwamba mwenye nyumba atalala ndani ya kosa hili akidhani ndivyo nyumba zilivyo. Kwamba kama angesema siku ile ile, kazi ingekuwa ndogo. Mafundi wengine waliacha koleo wakasikiliza. Yalikuwa maneno ya kweli yote, na kila moja lilimrudia mdomoni likiwa na ladha ya chuma.

"Sawa, Injinia," fundi alisema, akiokota nyundo. "Tunabomoa. Si kila mtu amezaliwa hajawahi kukosea kama wewe."

Wenzake walicheka. Penseli aligeuka, akajifanya anasoma kipimo ambacho alikuwa ameshakisoma.

Aliporudi ofisini aliumaliza mchoro wa ukumbi wa pili. Aliugeuza mshale kabla ya kugusa kitu kingine chochote, akaulinganisha na ramani ya mpima, akaulinganisha tena. Dirisha pana likakaa kaskazini, mahali pake. Ilikuwa kazi safi. Alipoibandika ukutani, Mkuu alirudi nyuma hatua zake kadhaa, akakunja mikono.

"Jua liko wapi?"

"Linachomoza hapa, Mkuu, linazama huku. Dirisha linatazama kaskazini."

"Kama lile la kwanza," Mkuu alisema. Hakuwa anauliza, alikuwa ameshatoa kalamu mfukoni.

Mlango wa kukiri ulikuwa wazi mbele yake, mpana kama dirisha lenyewe. Ilitosha kusema hapana.

"Ndiyo, Mkuu," Penseli alisema.

Mkuu alitia saini chini ya saini ya Penseli. Kifutio, mezani kwake, aliinua macho kidogo kisha akayashusha, na huko kuyashusha kulimuumiza Penseli kuliko kama angemkaripia. Mwaka mmoja uliopita, jina hili aliloliandika kwenye karatasi lingekuwa ni jina tu. Sasa lilikuwa jina ambalo mama alilisoma kwa kidole.

Aliomba ruhusa kuondoka mapema. Alisema anakwenda kumtazama mama. Mkuu, ambaye hakuwa na sababu ya kumshuku, alimwambia amsalimie.

Alitembea haraka, na jua lilikuwa mbele yake njia nzima. Alipofika ukumbini aliingia kwa mlango wa ubavuni, akasimama nyuma kabisa karibu na ukuta, mahali ambapo hakuna aliyegeuka kumwona. Wanakisomo walikuwa wamejaa madawatini: watu wa sokoni, wafagiaji, bibi mmoja aliyevaa viatu vya mjukuu wake, na mbele kabisa mlinzi wa ghala aliyejipachika mwenyewe cheo cha kiranja. Mwanga mwekundu wa jioni uliingia kwa nguvu kutoka nyuma yao na kumwagika juu ya ubao. Ubao uling'aa kama bati jipya. Kutoka aliposimama Penseli, chaki haikuonekana kabisa.

Mwalimu, kijana mpole aliyeshinda akifundisha kwingine na kuja hapo na uchovu wake, alikuwa amesimama kando ya ubao, amekunja uso kwa jua. Yeye aliandika akiwa karibu, na aliyekuwa karibu aliyaona maandishi. Aliweka fimbo ndogo juu ya neno.

"Someni."

Watu wawili watatu waliokaa pembeni kabisa, ubavuni mwa ukuta, walisoma. Wengine wote wakazifuata sauti zao, nusu pumzi nyuma, kwa uhodari wa watu waliozoea kuitikia. Sauti moja kubwa ikajaa ukumbi, na mwalimu akaridhika. Hapo Penseli alielewa kwa nini hakuna aliyelalamika. Kila mmoja aliisikia sauti ile kubwa na kudhani kuwa wote wanasoma isipokuwa yeye. Kila mmoja alikaa na aibu yake peke yake, katikati ya watu wenye aibu hiyo hiyo.

Mama aliinuka. Kitambaa chake kilikuwa kimenyooka bila kunyanzi hata moja.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Nimekuja kukuaga. Umenifundisha vizuri, kosa si lako. Mimi kichwa changu ni cha kufulia, si cha kusomea. Nisije nikawachelewesha wenzangu."

"Mama Injinia, kaa chini," Kiranja alisema bila kugeuka. "Ukiondoka wewe nitamchungulia nani nikikwama?"

Watu walicheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na wengi walionekana kujiuliza kama nao waage. Mama alitabasamu kwa adabu na kuanza kuokota mfuko wake.

Penseli alitoka ukutani. Hakukumbuka baadaye alivyofika mbele. Alikumbuka tu kwamba jua lilimpiga machoni, akalazimika kuwazungumzia watu ambao hakuwaona vizuri.

"Anayeona neno lililoko ubaoni ainue mkono," alisema. "Bila kumsikiliza jirani."

Mikono iliinuka pembeni, ile ile miwili mitatu. Katikati ya ukumbi hapakuinuka mkono hata mmoja. Watu wakaanza kutazamana. Bibi wa viatu vya mjukuu alimgusa jirani yake na kumwuliza kumbe na wewe, na jirani akajibu tangu mvua zilipokwisha, na neno hilo likapita dawati hadi dawati.

"Si vichwa vyenu," Penseli alisema. "Dirisha hili nililichora mimi. Lilitakiwa kutazama kaskazini. Niliuweka mshale vibaya kwenye karatasi, sikuuhakiki, jengo likageuka, na jua likaingia. Nimelijua asubuhi ya leo. Nimeshinda nalo siku nzima, nikanyamaza."

Mwalimu aliutazama ubao kana kwamba ameonyeshwa kwa mara ya kwanza. Alitembea hadi dawati la mama, akageuka, akatazama kutoka pale, na mabega yake yakashuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye alidhani wamechoka, kwamba hakuwahi kukaa upande wao.

Kiranja ndiye aliyetangulia kujibu. Alisema yeye alikuwa ameshaanza kunywa mafuta ya samaki kwa ajili ya ubongo, na angependa kujua ni nani atamwondolea ladha yake. Safari hii walicheka kwa muda mrefu, na katika kicheko hicho wengine walipangusa macho. Lakini mama hakucheka. Alibaki amesimama, mfuko mkononi.

"Kwa hiyo si kichwa changu," alisema.

"Si kichwa chako, mama."

"Nililia, unajua? Usiku, chumba cha pili, na wewe umelala." Aliyasema taratibu, kama anavyosoma. "Na leo asubuhi nilipokuambia, ulikuwa unatazama saa."

Penseli alikuwa amejiandaa kwa ajili ya mshale. Kwa hili hakujiandaa.

"La mshale nimekusamehe," mama alisema. "Kazi ni kazi, hata mimi nimewahi kuchoma shuka. La saa, ngoja kwanza."

Kisha akauweka mfuko chini, akaketi. "Mwalimu, endelea. Sijaaga."

Ubao ulikuwa wa mbao, umetundikwa kwa ndoano. Kiranja na mfagiaji mmoja waliushusha na kuuegemeza kwenye ukuta wa ubavuni, mbali na mwale wa jua, na watu wakaanza kugeuza madawati kwa kelele nyingi, kila mmoja akitoa amri na hakuna aliyetii. Penseli aliburuta madawati pamoja nao hadi viganja vikamuuma. Hapakuwa na aliyemtukana. Angepata nafuu zaidi kama wangemtukana.

Alitoka nje, akakaa kwenye kizingiti, akampigia Mkuu. Alimweleza yote, pamoja na ile ndiyo ya alasiri. Upande wa pili alisikia feni ya ofisi ikilalamika.

"Mshale unakosewa," Mkuu alisema mwishowe. "Hata mimi nilipitisha, saini yangu iko pale. Tutajenga kivuli mbele ya dirisha, nitawaeleza wenyewe kesho, tutakwenda wote wawili. Lakini nilikuuliza jua liko wapi, ukanijibu. Hilo tutalizungumza sisi wawili peke yetu."

Simu ilikatika. Penseli alibaki pale, uso wake ukitazama magharibi, na jua likampiga sawasawa, kwa muda uliosalia. Hakujikinga.

Ndani, mwalimu alikuwa ameacha kusomesha kwa sauti ya pamoja. Sasa alimwita mmoja mmoja. Kiranja alisoma kwa mbwembwe, akakosea, akalaumu mafuta ya samaki. Bibi alisoma nusu. Kisha ikaja sauti ambayo Penseli angeitambua popote, ikisitasita.

"Ma-ma… a-na-fu… a-nafu-nga… di-ri-sha."

"Tazama tena, mama," mwalimu alisema kwa upole. "Usiharakishe."

Penseli aliujua mdomo ule, akajua umebanwa vipi. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na angeweza kulisema kwa kuinua sauti kidogo tu. Akafumba mdomo wake kwa kiganja, akangoja, saa yake ya mkononi akiwa ameigeuza uso chini asiione.

"A-na-fu-ngu-a," mama alisema. Kisha kwa sauti ya mtu aliyemkamata mwizi: "Anafungua. Mama anafungua dirisha."

"Litafunguliwa baadaye, jamani," Kiranja alisema, "kwanza lizibwe."

Ndugu msomaji, ikiwa umeifikisha habari hii hadi hapa kwa macho yako mwenyewe, usiishie nayo. Mtafute mtu mmoja unayemjua, mkubwa au mdogo, aliyejiambia kwamba kichwa chake ni kizito, akaacha kujaribu. Msomee, au mpe asome. Na kabla hujamwambia asikate tamaa, nenda ukakae pale anapokaa yeye, uone jua linapiga wapi.